Mzee Aliyeililia Ulaya

Mzee niliyemhudumia kwa zaidi ya miaka mitatu hapa Columbus, Ohio, aliiona Ulaya mara moja tu maishani mwake: miaka miwili ya jeshi huko Ujerumani, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hata hivyo, nilipoingia kwake saa moja asubuhi kumpa dawa, habari ya kwanza, kabla salamu hazijaisha, ilikuwa ya Ulaya. Ufaransa imekwisha. Sweden imekwisha. London si London tena. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayekutajia waliokufa kwao, na mimi nilikuwa nimeinama mbele yake, hijabu kichwani, namfunga vifungo vya shati.

Nilianza kwake mwishoni mwa 2014. Nilikuwa nimeshakaa Marekani miaka minane, nimetoka Likoni, Mombasa, na watoto wawili. Kazi ya kuangalia wazee majumbani ndiyo iliyotulisha, kama inavyowalisha Wakenya wengi huku. Kampuni inakupa anwani, unakwenda, unamkuta mtu ambaye hukumchagua naye hakukuchagua, na wiki haijaisha unajua ni kidole gani cha mguu kinachomuuma. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi yao. Ilinichukua miezi. Mtu wa rika la babu yangu kumwita kwa jina tupu, ulimi ulikuwa unagoma. Hapa nitamwita Mzee, ndivyo nilivyomwita moyoni.

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu mbaya. Aliniuliza habari za wanangu kila siku na aliyakumbuka majibu ya jana. Nilipofunga Ramadhani alikataa kula mbele yangu, mpaka nikamkaripia, maana dawa zake hazikutaka tumbo tupu. Hofu yake juu ya Waislamu na upole wake kwangu vilikaa katika kifua kimoja, na kwa muda mrefu sikuelewa viliwezaje kupishana humo.

Tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa Paris katika shambulio la jarida la Charlie Hebdo. Mzee alilia, nami nililia. Siku chache baadaye kituo cha televisheni alichokipenda kikamleta bwana mmoja aliyeitwa mtaalamu wa ugaidi, akasema Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa Uingereza, ni mji wa Waislamu watupu na asiye Mwislamu haingii. Mzee akanigeukia kama mtu aliyepata shahidi. Nikamwambia, "Mdogo wangu anaishi Birmingham."

Kwa kweli anaishi mtaa wa Small Heath, ambako Waislamu ni wengi hasa. Lakini katika mji mzima, sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa asilimia 21.8, hawakufika hata robo. David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, alisema aliposikia maneno ya yule bwana alipaliwa na uji. Kituo chenyewe kiliomba radhi hewani tarehe 17 Januari, na yule bwana akaomba radhi pia. Mzee hakuiona radhi hiyo. Uongo ulitangazwa asubuhi na jioni. Radhi ilisomwa mara chache, ikapita.

Nikampigia mdogo wangu kwa video. Kwetu saa nne asubuhi, kwao saa tisa alasiri, anakaanga viazi. Mzee alijitengeneza nywele kwanza. Akamuuliza kama polisi huingia mtaani kwao. Mdogo wangu akajibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba laiti wangeingia zaidi, kwa sababu baiskeli ya mwanawe iliibiwa wiki iliyopita na hakuna askari aliyetokea. Akamuuliza kama Wakristo wamebaki. Mdogo wangu akatoka nje na simu, akagonga mlango wa pili, akamwonyesha bibi mmoja wa Kiayalandi aliyekaa nyumba ile tangu kabla yeye hajazaliwa. Bibi akapunga mkono. Mzee akapunga wake.

Simu ilipokatika alikaa kimya, kisha akasema, "Dada yako ni mtu mwema. Lakini yeye ni mmoja tu."

Jioni mdogo wangu akanipigia mwenyewe. "Dada, usimdanganye mzee wa watu. Shuleni kwa mwanangu kuna darasa halina Mzungu hata mmoja. Na kuna wanaume hunisimamisha njiani kunieleza mtandio wangu ulivyo mfupi. Hayo nayo mwambie." Sikumwambia. Nilihisi nikifungua mlango huo kidogo tu, yataingia na yale ya uongo. Nilificha mambo ya kweli, na leo nahesabu kwamba hilo ndilo lililonipotezea mwaka mzima wa kuaminiwa na mtu aliyekuwa tayari kusikiliza. Mzee alikuwa mwerevu. Alijua ninamchagulia.

Kwenye droo ya meza yake kulikuwa na karatasi aliyopewa na rafiki wa kanisani. Yalikuwa maneno ya video iliyoenea kwenye intaneti tangu 2009, ikidai kwamba wanawake wa Kiislamu Ufaransa huzaa watoto 8.1 kila mmoja, na kwamba katika miaka 39 nchi ile itakuwa jamhuri ya Kiislamu. Nikamwambia: mama yangu alizaa saba, mimi nina wawili, mdogo wangu ana watatu na ameapa hazidishi. Akauliza kwa nini. Nikamtajia kodi ya nyumba, kazi za usiku, gharama ya kumwachia mtu mtoto. Akasema binti yake ana mmoja, kwa sababu hizo hizo. Tukatazamana. Karatasi ikarudi kwenye droo, na sikuiona tena ikitolewa. Takwimu sikuwa nazo siku ile. Nilikuwa na habari za nyumbani kwetu tu.

Mwaka ule zaidi ya watu milioni moja waliingia Ulaya kuomba hifadhi, wengi Wasyria, na picha ya mtoto aliyekufa maji, amelala kifudifudi ufukweni mwa Uturuki, ilitolewa na magazeti mengi. Mzee aliikata akaiweka ndani ya Biblia. Novemba watu 130 waliuawa Paris usiku mmoja. Desemba mgombea urais Donald Trump akataka Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani kwa muda. Mzee aliikubali kauli hiyo na picha ya mtoto bado imo ndani ya Biblia yake. Nasema hivi kwa sababu nimesoma wengi wanaomweleza mtu kama yeye kana kwamba ana moyo wa jiwe. Huyu hakuwa nao. Aliogopa, na mwenye hofu anaweza kumlilia mtoto huku amefunga mlango.

Kisha ikaja tarehe 28 Novemba 2016, na haikuwa Paris wala Brussels. Ilikuwa hapa Columbus, katika chuo kikuu cha jimbo, alikosoma binti yangu mwaka wa kwanza. Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Somalia, aliyepitia Pakistan kama mkimbizi, aliwagonga watu kwa gari makusudi kisha akashuka na kisu. Zaidi ya watu kumi walijeruhiwa. Askari wa chuo alimpiga risasi akafa palepale. Lakini kwa zaidi ya saa nzima tuliokuwa nje hatukujua lolote ila kwamba kuna mauaji na wanafunzi wajifungie.

Nilikuwa kwa Mzee. Binti yangu hakupokea simu. Nilisimama katikati ya sebule nikiwa na simu mkononi na miguu imekufa ganzi, na Mzee, ambaye kunyanyuka peke yake kulimchukua dakika nzima, alinyanyuka akanishika mkono. Tukakaa kwenye kochi. Alinishika mkono mpaka ujumbe ulipoingia: "Mama niko darasani tumeziba mlango kwa viti niko sawa." Nikapiga kelele, naye akasema jina la Mungu kwa lugha yake.

Dakika chache baadaye runinga ikataja alikotoka yule kijana. Mzee hakuuachilia mkono wangu. Lakini hakunitazama tena.

Siku ya tatu kampuni ilinipigia. Familia imeomba aende mtu mwingine, kwa muda tu, mambo yatulie. Aliyenipigia alitumia sauti laini, ya kumbembeleza mgonjwa. Nilikaa nyumbani wiki tatu, nikipewa saa chache hapa na pale, kodi ikikaribia, na uchungu ulionijaa sikuwahi kuuonja kabla. Binti yangu ndiye aliyejifungia darasani. Mimi ndiye niliyekaribia kumpoteza. Na bado nilihesabiwa upande wa mwenye kisu.

Ni katika wiki hizo nilipoanza kusikia upya yote aliyoniambia kwa miaka miwili. Sisi wa Pwani tumelelewa kwenye mafumbo. Mwanamke akiwa na neno na jirani hamwendei mlangoni. Hununua leso yenye maneno yake, akajifunga, akapita mbele ya baraza la mwenziwe taratibu, na aliyekusudiwa huelewa. Nilipaswa kuelewa mapema, mimi kuliko mtu yeyote. Ufaransa imekwisha, Sweden imekwisha: Ulaya ilikuwa ndiyo leso yake. Mtu muungwana hawezi kumwambia anayemwogesha kwamba anamwogopa, basi humwambia habari za watu walio mbali, ng'ambo ya bahari, wanaofanana naye.

Aliyeomba nirudi ni yeye mwenyewe. Mwenzangu aliyeletwa hakuwa na kosa, ila hakujua kwamba chai yake hutiwa maziwa kabla ya maji. Nilirudi kabla ya Krismasi, na siku hiyo hiyo, baada ya dawa, nikavuta kiti nikamuuliza: "Na mimi naimaliza Marekani?"

Alichelewa kujibu mpaka nikasikia friji ikinguruma. Akasema, "Wewe hapana. Lakini sijui wajukuu wako watakuwa nani, na sijui kama watajua kwamba sisi tuliwahi kuwa hapa."

Baada ya hapo tulizungumza kwa namna nyingine. Aliniambia habari za mwanawe aliyepigana Iraq, akarudi mzima wa viungo, akahamia jimbo la mbali na hasemi na mtu. Kanisa walimofungia ndoa wazazi wake lilikuwa limeuzwa. Kiwanda alichofanyia kazi miaka thelathini kilikuwa kiwanja cha magari. Mtaani kwake hakubaki mtu aliyemjua mkewe. Nami nikamwambia yale niliyoyaficha: darasa lisilo na Mzungu, wanaume wanaomsimamisha mdogo wangu njiani. Nikamwambia pia kwamba mabomu ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998 yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na kati ya wote hao Wamarekani walikuwa 12. Kwamba hatuhitaji mtu atufundishe kuwaogopa magaidi, tuliwaogopa kabla yake. Hakuwa amejua. Alirudia hesabu ile mara mbili, polepole.

Januari 27, 2017 rais mpya alitia saini amri ya kuwafungia mlango watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo. Kenya haikuwemo, lakini huwezi kuishi Columbus ukasema hayakuhusu. Nenda Cleveland Avenue ukanunue nyama, utasikia Kiswahili cha Eastleigh, Nairobi, na cha kambi ya wakimbizi ya Dadaab kwenye kila duka, kwa sababu huko ndiko majirani zetu Wasomali walikolelewa wakingoja viza. Jirani yangu alikuwa amelipia tiketi ya mama yake kutoka Nairobi. Wiki tatu baadaye rais, akihutubia Florida, akawaambia watu watazame yaliyotokea jana usiku Sweden. Jana usiku Sweden hakukuwa kumetokea jambo. Alikuwa ameona taarifa kwenye televisheni, na Mzee alikuwa ameiona taarifa ile ile kwenye kiti chake. Hapo nilishika kichwa. Hofu ya mzee mpweke na amri ya dola zilikuwa zinachota kisima kimoja.

Masika ya mwaka ule nilikuwa nikimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi Schiller Park, kule mtaa wa Wajerumani wa zamani. Pana sanamu ya mshairi Schiller iliyosimamishwa 1891. Mzee alisimulia akiitazama. Babu na bibi zake walitoka Ujerumani. Nyumbani kilisemwa Kijerumani, kanisani kilihubiriwa Kijerumani. Marekani ilipoingia vita dhidi ya Ujerumani, bustani hii ilibadilishwa jina ikaitwa Washington Park. Vitabu vya Kijerumani vilichomwa moto mjini humu. Mwaka 1919 jimbo la Ohio likatunga sheria ya kukataza Kijerumani kufundishwa watoto wa madarasa ya chini. Baba yake, aliyekuwa mtoto wa shule, alifika siku moja akamkuta mama yake amefunga mlango wa jikoni, na kuanzia siku hiyo hakumsemesha tena kwa lugha yake. Watu walikuwa na hakika kwamba Wajerumani ni adui aliyekwisha kuingia ndani.

Sikusema neno. Niliogopa nikisema litaonekana somo, na mtu hapewi somo kwa msiba wa bibi yake. Yeye ndiye aliyesema, baada ya muda: "Lakini sisi tulikuwa Wakristo." Na baada ya muda tena: "Ingawa Wakatoliki nao walikuwa Wakristo, na makanisa yao yalichomwa." Ni kweli, Philadelphia, 1844, wakati Wamarekani wengi waliamini kwamba Papa anawatuma Waayalandi kuja kuiteka nchi. Kisha akaomba tugeuze kiti, jua lilikuwa linampiga usoni.

Siku ile, nikirudi nyumbani kwa basi, nilijua nilikoyasikia maneno ya Mzee kwanza. Si Marekani. Nimeyasikia Likoni, barazani kwetu, kahawa ikipita, nikiwa msichana. Wametuzidi. Wamejaza mji. Kila kazi ya bandari wao. Wanazaa, wananunua, kesho hatutakuwa na pa kuzika. Aliyesema alikuwa mjomba wangu, mtu mpole kuliko wote niliowajua, na aliowasema ni wabara: Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, majirani tuliochota nao maji kwenye bomba moja. Alikuwa na ya kweli mengi. Ardhi ya Pwani ilichukuliwa kwa dhuluma, na vijana wetu walikosa kazi mlangoni mwa bandari yao wenyewe. Lakini dhuluma ile ilikuwa na wenyewe, wakubwa wenye hati na mihuri, na mjomba hakuwataja hao. Alitaja waliokuwa karibu.

Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku. Siku zilizofuata vibanda vikachomwa, vikaratasi vikatupwa vikiwataka wabara waondoke, watu zaidi ya mia wakauawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Nyuma yake kulikuwa na siasa za uchaguzi wa mwaka ule, hilo limeandikwa sana. Jirani yetu alikuwa mama wa Kikamba aliyefundishwa na mama yangu kupika mahamri, akayapika bora kuliko sisi. Niliwaona asubuhi wakishuka kwenda feri, yeye na watoto wanne, mkubwa amebeba karai la mahamri limejaa nguo. Mjomba hakushika panga, na wala hakujua aliyeshika. Lakini asubuhi hiyo hakutoka barazani, na sikumsikia tena akisema wametuzidi, wala hakuna aliyemuuliza.

Basi likapita kituo changu. Nilishuka kituo cha mbele nikarudi kwa miguu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemtazama Mzee kama mtu wa nchi nyingine yenye ugonjwa wake. Kumbe nilizaliwa ndani ya ugonjwa huo. Nilimjua aliyeusema, na nilimjua aliyeulipia.

Novemba 2017 binti yangu alileta utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulioandika hesabu za Waislamu wa Ulaya. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 4.9. Mwaka 2050, uhamiaji ukisimama kabisa, watakuwa 7.4, ukiwa wa wastani, 11.2, ukibaki mkubwa kama wa miaka ya wakimbizi, 14. Nilifurahi kama niliyepata hati ya nyumba. Mzee aliisoma kwa kioo cha kukuzia herufi, akaweka karatasi magotini. "Kwa hiyo wataongezeka zaidi ya mara mbili," akasema. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba karibu watu tisa kati ya kumi hawatakuwa Waislamu hata mwaka 2050. Namba ilikuwa ile ile. Tangu hapo sitangulizi hesabu. Nauliza kwanza mtu anaogopa kupoteza nini, na ninangoja, hata ikichukua miezi.

Alifariki Machi 2018. Kanisani nilikaa nyuma. Miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya nchi ilihalalisha toleo la tatu la ile amri ya kuzuia wasafiri, majaji watano kwa wanne.

Mwaka uliofuata nilikwenda Birmingham kwa mara ya kwanza. Wiki chache nyuma, Machi 15, mtu mmoja alikuwa ameua watu 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, na kabla yake, Julai 2011, mwingine aliua 77 Norway, wengi wao vijana wa kambini. Wote wawili waliandika kwamba wanawatetea Wazungu dhidi ya wahamiaji Waislamu. Yule wa Norway alikuwa amenukuu mara nyingi maandishi ya Wamarekani wanaoililia Ulaya. Mdogo wangu alinipeleka kwa mzee mmoja wa Kihindi, fundi saa mstaafu, aliyenikaribisha kwa Kiswahili safi cha Nairobi. Alitoka Kenya mapema 1968, akiwahi sheria ambayo Uingereza ilitunga haraka haraka Machi mwaka ule kuwazuia watu kama yeye wenye pasipoti zake. Wiki chache baadaye, Aprili 20, mbunge Enoch Powell alihutubia humo humo Birmingham akatabiri damu itamwagika kwa sababu ya wahamiaji. "Nilinunua sanduku," fundi aliniambia. "Nikaliweka nyuma ya mlango miaka kumi." Sasa wajukuu wake wanalitumia kuwekea vyombo vya kuchezea.

Nilidhani hadithi inaishia hapo, kwenye sanduku la vichezeo. Julai 29, 2024, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu Southport, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Uvumi ukasema muuaji ni Mwislamu mwomba hifadhi aliyekuja kwa mashua. Alikuwa kijana mzaliwa wa Cardiff, wazazi wake Wanyarwanda. Kesho yake msikiti wa Southport ulipigwa mawe, na siku zilizofuata watu walijaribu kuichoma hoteli yenye waomba hifadhi ndani. Mdogo wangu alinipigia: "Dada, leo sitoki. Watoto nimewaweka chumba cha nyuma." Agosti 5 vijana wa upande wake wa mji walitoka mamia, baadhi wamefunika nyuso, wakisema wanalinda mtaa, baadhi yao wakavamia baa moja wakampiga mtu asiye na hatia. Mdogo wangu alilia kwa hasira kuliko siku ya kwanza. "Sasa mzee wako angesema nini?" akaniuliza. "Na angekosea?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo silipendi jibu lolote ninaloliona. Mwaka 2025 makamu wa rais wa Marekani alikwenda Munich kuwaambia Wazungu kwamba hatari kubwa iko ndani mwao, rais akasimama Umoja wa Mataifa kusema London inataka sheria ya Kiislamu, na Desemba mkakati wa usalama wa taifa ukaandika kwamba ustaarabu wa Ulaya unaweza kufutika. Maneno yaliyokuwa ya kiti cha Mzee sasa yana mhuri. Yeye angalau, nilipopiga simu Birmingham, aliuliza.

Usiku ule wa Agosti, baada ya kukata simu ya mdogo wangu, nilifungua kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu yangu wa Likoni alikuwa ameweka picha ya ghorofa linalojengwa, na chini yake: wabara wametumaliza, mji si wetu tena. Watu kumi na wawili wameweka alama ya uso unaolia. Nikarekodi ujumbe wa sauti. Nilisimulia habari za Mzee, za mdogo wetu na watoto chumba cha nyuma, kisha za mama wa Kikamba akishuka kwenda feri na karai. Dakika sita. Nilikuwa sijawahi kulitaja jambo hilo mbele ya ukoo kwa miaka ishirini na saba.

Siku mbili kimya. Tiki za buluu zikaongezeka moja moja. Siku ya tatu shangazi, mke wa marehemu mjomba, ambaye haandiki kamwe, akatuma sauti yake. Nyuma yake kuna kuku na muadhini wa adhuhuri.

"Yule mama," alisema, "alituachia ufunguo wa nyumba yake. Mjomba wenu aliuweka kwenye kabati mpaka anakufa. Ninao. Kuna mwenye nambari yake?"

Hakuna aliyekuwa nayo.